Kauli ya Kutendana katika Mafunzo ya Awali ya Tiba ya Familia

Makala haya yahusu jambo lililo mpakani mwa elimu mbili: elimu ya lugha, ambayo ndiyo kazi yangu, na elimu ya tiba ya familia, ambayo kwayo mimi ni mgeni aliyekaribishwa ukumbini. Mwenzangu mmoja afundishaye ushauri nasaha aliniomba nimsaidie kuyatia katika Kiswahili masomo ya muhula wa kwanza ya tiba hiyo. Wanafunzi wake husoma vitabu vya Kiingereza na hufanya mitihani kwa Kiingereza. Lakini mume, mke, watoto na bibi watakaoketi mbele yao siku watakapoanza kazi watasema Kiswahili. Nilidhani kwamba kazi yenyewe ni ya istilahi tu: kutafuta majina arobaini au hamsini, kuyapanga kwa alfabeti na kuyakabidhi. Nilikosea. Majina yalipatikana bila ya taabu kubwa. Kilichotushinda kwa muda, na ambacho nimekusudia kukieleza hapa, ni kitenzi. Na katika kitenzi, ni kiambishi kidogo cha mwisho, -ana.

Tiba yenyewe na asili yake

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajakutana na elimu hii, yafaa nieleze kwa ufupi ilivyoanza. Hadi kufikia katikati ya karne ya ishirini, tiba ya nafsi kama ilivyojulikana Ulaya na Marekani ilikuwa aghalabu kazi ya watu wawili: mgonjwa na tabibu wake, faraghani. Katika miaka ya 1950 baadhi ya matabibu wa Marekani walianza kuiita familia nzima. Murray Bowen, kati ya mwaka 1954 na 1959, alizilaza familia pamoja na wagonjwa wao katika wodi ya Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili, jimboni Maryland, ili ayaone kwa macho yake yaliyokuwa yakipita baina yao. Mwaka 1956 Gregory Bateson, Don Jackson, Jay Haley na John Weakland walitoa makala yao mashuhuri juu ya skizofrenia, wakitaka maneno ya mgonjwa yafahamike ndani ya mazungumzo ya watu wa nyumbani kwake. Dai la kwamba mazungumzo hayo ndiyo chanzo cha ugonjwa halikuthibitika baadaye, na akina mama wengi walilaumiwa kwa sababu yake bila ya haki. Lakini njia ya kuitazama familia kama kitu kimoja ilibaki. Virginia Satir alitoa kitabu chake cha tiba ya familia mwaka 1964, na Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi na vijana wa familia maskini wa New York na baadaye akaongoza kliniki ya watoto mjini Philadelphia, alitoa chake mwaka 1974.

Wote hao, pamoja na kuhitilafiana kwao, walikubaliana katika fundisho moja, nalo ndilo somo la kwanza apewalo mwanafunzi mchanga. Fundisho hilo ni kwamba katika familia sababu haiendi kwa mstari ulionyooka bali huzunguka. Mfano uliozoeleka ni ule wa Paul Watzlawick na wenzake, wa mwaka 1967: mume hujitenga, mke hulalamika. Ukimwuliza mume atasema kwamba ajitenga kwa kuwa mkewe alalamika; ukimwuliza mke atasema kwamba alalamika kwa kuwa mumewe ajitenga. Kila mmoja aanza kuhesabu pale atakapo. Mshauri akiuliza ni nani aliyeanza, amekwisha kuingia katika ugomvi bila ya kujua. Yampasa aone mviringo mzima.

Wenzetu wafundishao kwa Kiingereza hutumia muda mwingi kumzoesha mwanafunzi fundisho hili, kwani sentensi ya lugha ile hupenda mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Hapo ndipo nilipofurahi, nikaona kwamba Kiswahili kina cha kutoa.

Neema ya -ana

Kila mwalimu wa Kiswahili ajua jinsi vitenzi vyetu vinavyonyambulika. Katika mambo ya familia kitenzi cha kufundishia ni kimoja: kuoa. Mwanamume aoa, mwanamke aolewa, wawili waoana, wazazi wawaoza watoto wao. Shina ni moja, na kila mtu wa nyumba ile amepata kauli yake. Talaka nayo hufuata njia hiyo hiyo: mume amwacha mkewe, mke ameachwa au ameachika, au wawili wameachana. Mtu asemapo "ameachika" na mwingine asemapo "wameachana", wasimulia tukio moja, lakini hawakusimama mahali pamoja walipolitazama.

Basi tuliwapa wanafunzi kazi nyepesi. Tuliwataka wataje vitenzi vya kutendana visikikavyo nyumbani palipo na taabu. Katika nusu saa ubao ulijaa: kulaumiana, kununiana, kukosana, kugombana, kutupiana maneno, kuviziana, kuogopana, kuoneana wivu, kutosemezana. Kisha tukawataka wataje vya nyumba yenye raha, nao wakataja kusikilizana, kupatana, kusaidiana, kusameheana, kuheshimiana, kufichiana aibu. Hapakuwa na haja ya kuwaeleza mviringo wa sababu. Walikuwa wamekwisha kuusema. Mtu aliyekua akisikia "wamenuniana" amekwisha kufunzwa kwamba kununa kwa mmoja ni nusu ya jambo, na nusu ya pili iko kwa mwenzake.

Zaidi ya hapo, kitenzi chetu chaweza kumwingiza mtu wa tatu. Bowen alifundisha kwamba wawili wakizidiwa na mvutano baina yao humvuta wa tatu, na kwa hiyo umbo la msingi katika familia ni pembetatu. Kiswahili huongeza kiambishi kimoja tu: kugombana ni kwa wawili, kugombanisha ni kwa watatu, kukosana na kukosanisha, kupatana na kupatanisha. Na mtoto aliye kati ya wazazi wasiosemezana, abebaye maneno ya huku na kuyapeleka kule, hakuna mwanafunzi aliyeshindwa kumtambua pale tulipotaja methali isemayo kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Nilikuwa na hakika, wakati ule, kwamba nimepata kitu cha thamani. Niliandika karatasi ya somo, na ndani yake nikaupa mlango mmoja kichwa cha "Mapigano ya Mume na Mke". Nilipendezwa na ufupi wake.

Somo la juma la nne

Njia mojawapo ya kuwafundisha wanafunzi wachanga, kabla hawajapewa familia ya kweli, ni kuwaigizisha. Wanafunzi wanne wafanywa baba, mama, binti na bibi. Kila mmoja apewa karatasi yenye habari zake ambazo wengine hawazijui. Wa tano awa mshauri. Waliobaki watazama na kuandika. Katika juma la nne mshauri wetu alikuwa kijana mwenye bidii. Aliwaamkia wote kwa adabu, akauliza tatizo, akasikia kwa bibi kwamba "hawa wanapigana kila mwisho wa mwezi", akaandika daftarini: mume na mke wanapigana mara kwa mara. Kisha akaanza kuuchora mviringo: fedha zachelewa, mke auliza, mume akasirika, wanapigana, wananuniana, fedha zachelewa tena. Mchoro ulikuwa sahihi kwa kadiri ya karatasi yangu. Mwishowe akawapa nasaha ambazo sote tumezisikia arusini: vumilianeni, sameheaneni, heshimianeni.

Nilipouliza waigizaji waliyaonaje mazungumzo yale, msichana aliyekuwa mama alikaa kimya kitambo. Kisha akasema: "Mimi sijampiga mtu." Akaisoma karatasi yake. Ndani yake mke alikuwa amepigwa mara tatu, na hapakuwa na mahali aliponyanyua mkono.

Mshauri kijana aligeuza kurasa za daftari lake akitafuta alipokosea. Hakukosea yeye. Aliyekosea ni aliyeandika kile kichwa cha habari. Ndipo mwanafunzi mmoja wa nyuma aliposema jambo ambalo nimelikumbuka kila siku tangu hapo: "Lakini, Mwalimu, hivyo ndivyo tusemavyo nyumbani, hata kama apigaye ni mmoja."

-ana huficha nini

Maneno ya mwanafunzi yule ni kweli, na mwanazuoni wa lugha hapaswi kuyapita. Kauli ya kutendana hubeba mambo mawili ambayo hatuyatenganishi upesi. Kwanza, yaonyesha kwamba kitendo kimepita baina ya watu, si kwa mtu mmoja peke yake. Pili, huwaweka watu hao pamoja mahali pa mtenda. "Mume na mke walipigana": wote wawili ni watenda, na hakuna mtendwa. Hata tusemapo "mume alipigana na mkewe", ambapo kiima ni mume peke yake, mke hakuwa mtendwa. Ni mshiriki, naye kwa maana hiyo amepigana. Sarufi haikuacha nafasi ya mtu aliyepigwa tu.

Tena, kiambishi hiki hakisemi lolote juu ya usawa. Ushahidi wa hilo tunao kila asubuhi. Mtoto na babu yake huamkiana. Lakini mmoja husema "shikamoo" na mwingine husema "marahaba", wala hakuna aliye na haki ya kubadilishana na mwenzake. Kitenzi ni kimoja, kina -ana, na ndani yake pana daraja mbili. Jay Haley, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliwaagiza wanafunzi waanze kikao cha kwanza kwa kumwamkia kila mmoja kabla ya kuuliza tatizo. Na kwa mshauri wa Kiswahili hatua hiyo ina mafunzo mengi, kwani amwonaye nani alimwamkia nani kwanza, na kwa neno gani, amekwisha kuona mpangilio wa nyumba ile. Basi kama tunajua kwamba kuamkiana si kulingana, yatupasa tujue pia kwamba kupigana, kuogopana na kutukanana huenda kusiwe kulingana.

Kwa nini basi aliyepigwa mwenyewe aseme "tulikosana kidogo" au "tulipigana"? Nimeona sababu moja kuu, nayo ni sitara. Neno la kutendana ni pazia. Humsitiri mume mbele ya wageni, humsitiri mke asihesabiwe mnyonge, huwasitiri watoto. Mshauri asilidharau pazia hilo, wala asilirarue mbele ya watu. Lakini asilichukue kuwa ukuta akadhani hakuna kitu nyuma yake. Siri ya mtungi, wasema wahenga, aijuaye kata.

Kauli nyingine nazo zina pazia zake. Kauli ya kutendwa yaweza kumtaja aliyeumizwa na kumwacha nje aliyeumiza: "nilipigwa". Kauli ya kutendeka humwondoa kabisa: "mkono ulivunjika", kama tawi lililovunjwa na upepo. Mwanafunzi akisikiliza kauli kama anavyosikiliza habari, atajua si tu lililotukia bali pia ni wapi msemaji ameogopa kufika.

Yafaa niongeze kwamba wenye elimu hii huko Marekani walilifikia kosa hili kwa njia yao. Rachel Hare-Mustin mwaka 1978, na Virginia Goldner mwaka 1985, waliandika kwamba tiba ya familia iliwatazama mume na mke kana kwamba wana nguvu sawa, na kwamba mviringo wa sababu waweza kumgawia mwanamke aliyeonewa nusu ya lawama. Wao walipata taabu kulionyesha, kwa sababu kosa lilikuwa katika nadharia. Kwetu sisi kosa hilo hilo limekwisha kulala ndani ya kitenzi, tayari kuamshwa na yeyote aandikaye bila ya hadhari.

Zoezi la kukiteremsha kitenzi

Hatukuona kwamba dawa ni kuiacha kauli ya kutendana. Hilo lingekuwa kutupa neema kwa hofu ya hatari yake. Tulitunga zoezi, nalo sasa ni la kila juma.

Mwanafunzi aandikapo kitenzi chenye -ana, hukiteremsha hadi kauli ya kutenda, mara mbili, akigeuza mtenda na mtendwa. Wanalaumiana: mume amlaumu mke kwa jambo gani? Mke amlaumu mume kwa jambo gani? Ikiwa sentensi zote mbili ni za kweli na zina mifano, kitenzi hurudi juu na -ana yake, na mviringo huchorwa. Wanapigana: mume ampiga mke, ndiyo, mke ampiga mume, hapana. Hapo -ana imekosa mguu mmoja, na haiandikwi.

Katika kuteremsha, mwanafunzi hukumbushwa kwamba viambishi vyetu vya nafsi ya tatu havibagui mume na mke. "Alimpiga" yaweza kuwa yeyote kwa yeyote. Kwa hiyo daftarini huandikwa majina au cheo cha ukoo: baba alimpiga mama, mama mkubwa alimgombeza binti. Aliyeandika "alimpiga" tu ameondoka katika pazia moja akaingia katika jingine.

Mwisho, hata sentensi zote mbili zikiwa za kweli, mwanafunzi huuliza swali la tatu: nani humwogopa nani? Kofi la mmoja na kofi la mwingine huenda yasiwe na uzito mmoja ikiwa mmoja wao hulala akisikilizia hatua za mwenzake mlangoni. Na swali hili haliulizwi mbele ya wote. Huulizwa faraghani, kila mmoja kwa wakati wake, kwani jibu la kweli litolewalo mbele ya mwenye kuogopwa laweza kulipiwa nyumbani usiku ule ule.

Wanafunzi walilielewa zoezi hili vizuri zaidi walipoliona katika mchoro. Tiba ya familia hutumia jenogramu, yaani mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu au zaidi, ambamo mwanamume ni mraba na mwanamke ni duara. Monica McGoldrick na Randy Gerson waliueleza kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1985. Ugomvi baina ya watu wawili huonyeshwa kwa mstari wa vipembe, na mstari huo hauna kichwa: ni -ana tupu. Lakini katika alama zitumiwazo sasa, mmoja anapomtesa mwenzake kwa mapigo, mstari huo hutiwa mshale uelekeao kwa mwenye kupigwa. Nikawaambia wanafunzi: kukiteremsha kitenzi ni kutia mshale.

Nje ya darasa

Yamkini msomaji ataona kwamba hili ni jambo la darasani tu. Sivyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka mashauri ya ndoa, isipokuwa katika hali maalumu, yapitie kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, yasema wazi kwamba mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Basi fikiria baraza lililoketi, na karani wake akaandika kwa nia njema, "wanandoa hawa wanapigana, wameshauriwa wavumiliane." Sentensi hiyo ni Kiswahili fasaha. Lakini kama mmoja tu ndiye apigaye, kifungu cha 66 hakionekani ndani yake, kwa sababu mvunja sheria ametoweka. Hakutoroshwa na mtu. Ametoroshwa na kiambishi. Na aliyepigwa arudishwa nyumbani akiwa na amri ya kuvumilia, ambayo kwa maandishi wamepewa wote wawili.

Wanafunzi wetu wengi wataajiriwa mahali pa namna hiyo: katika ofisi za ustawi wa jamii, katika zahanati, shuleni, katika nyumba za ibada. Wataandika mafaili kwa Kiswahili, na wengine watayasoma mafaili hayo bila ya kuiona familia yenyewe.

Neno la mwisho kwa wenzangu

Shuleni kauli za vitenzi hufundishwa kwa jedwali: kutenda, kutendwa, kutendea, kutendeka, kutendesha, kutendana. Mwanafunzi hujaza nafasi, hupata alama zake, huendelea na ngeli. Nami nimefundisha hivyo miaka mingi, hapa nyumbani na kabla yake ugenini nilikosomea, bila ya kuliona tatizo lolote. Ilinibidi nikae katika darasa la watu wengine ndipo nione kwamba mtu achaguapo kauli huwa ameamua pia nani aonekane na nani afichwe.

Karatasi ile ya somo imeandikwa upya. Kichwa cha mlango ule sasa ni "Mmoja Anapompiga Mwenzake", na chini yake umo mlango mwingine, "Wawili Wanapogombana", kwa yale yaliyo ya wawili kweli. Si vichwa vya kupendeza sana, lakini msichana yule aliyeigiza mama alivisoma akasema kwamba sasa ajua atafute wapi.

Bado yako mengi ya kuchunguzwa. Mimi nimetazama Kiswahili sanifu na mazungumzo ya wanafunzi wangu. Sijatazama lahaja kwa utaratibu, wala sijalinganisha na lugha nyingine za Kibantu zilizo na kiambishi hiki hiki. Ningeshukuru kama wasomaji wenye mifano ya vitenzi vya kutendana vitumiwavyo kwao kusimulia jambo lililotendwa na mmoja tu wangeniletea, pamoja na maelezo ya nani aliyesema, mbele ya nani, na kitenzi gani kilitumika pale mlango ulipofungwa.